Mwarobaini, mswaki wa mti na karafuu: jinsi ya kupambana na ukoga nyumbani

Mpwa wangu alikula mabuyu Ijumaa moja akaja kunichekea mlangoni. Ulimi mwekundu, midomo myekundu, hayo ya kawaida. Kilichonivuta ni meno. Katikati ya jino palikuwa peupe, lakini pale jino linapoingia kwenye ufizi palikuwa na mstari mwekundu, kama uliochorwa kwa kalamu. Nikampa maji asukutue. Ulimi ukapungua rangi, midomo ikapungua, mstari ukabaki palepale. Rangi ya mabuyu ilikuwa imenasa kwenye ukoga.

Nikachukua kokwa mbili zilizobaki kwenye mfuko wake, nikazimung'unya, nikaenda kwenye kioo. Wakati huo nilikuwa mtu wa mwarobaini. Kila asubuhi nilisukutua maji machungu kama shubiri, nikiamini kwamba hakuna bakteria anayeweza kustahimili uchungu ule. Mstari wangu ulikuwa mnene kuliko wa mtoto.

Kosa langu halikuwa kwenye mti. Mwarobaini una nguvu yake, na karafuu, na mswaki wa mti pia. Kosa lilikuwa kwenye mpangilio: nilikuwa namwaga dawa juu ya ukoga ambao sijausugua. Huu ndio mpangilio ninaoufuata sasa.

Kwanza, unapigana na nini?

Ukoga si mabaki ya chakula. Mabaki ya chakula mengi huondoka kwa maji tu. Ukoga ni utando wa bakteria walio hai. Dakika chache baada ya kupiga mswaki, mate hupaka jino ngozi nyembamba ya protini. Bakteria hutua juu yake, hushikana, huzaana, wengine hujenga juu ya migongo ya wenzao. Anayetajwa zaidi ni Streptococcus mutans, aliyeelezwa mwaka 1924 na J. Kilian Clarke huko London. Huyu akipata sukari hufanya mambo mawili kwa pamoja. Sehemu moja huigeuza kuwa asidi, na pH juu ya jino (kipimo cha asidi: kikishuka, asidi imezidi) ikishuka chini ya 5.5 hivi, madini ya jino huanza kuyeyuka. Sehemu nyingine huitengeneza ulimbo wa kujigandishia yeye na jamaa zake. Ulimbo huo ndio unaousikia kwa ulimi asubuhi, ule utelezi wenye mkwaruzo.

Chini zaidi, kwenye mfuko ulio kati ya jino na ufizi, hukaa wengine wasiopenda hewa, kama Porphyromonas gingivalis. Hao wanahusishwa na ugonjwa wa fizi: kuvimba, kutoa damu, na hatimaye meno kulegea.

Ukoga ukiachwa siku kadhaa huanza kuingiwa na madini ya mate na kuwa mgumu kama jiwe. Hilo jiwe ndilo ugaga. Ugaga hautoki kwa majani, kwa kijiti wala kwa kuombewa. Unakwanguliwa na daktari wa meno. Nasema mapema ili usije ukanilaumu baadaye.

Sasa kisa kimoja, maana ndicho kilichonifumbua macho. Mwaka 1683, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft huko Uholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, alikwangua ukoga wa meno yake akauweka chini ya lenzi aliyoitengeneza mwenyewe. Akaona vidudu vinaogelea. Akasukutua kwa siki kali, akakwangua tena: vidudu bado tele, hasa katikati ya meno. Kisha akaichanganya siki ileile moja kwa moja na ukoga uliokwisha kuvurugwa kwenye maji, na vidudu vikafa hapohapo. Akahitimisha kwamba siki ya kusukutua iliwaua wa nje tu, haikupenya ndani. Zaidi ya miaka 300 iliyopita mtu huyu alikwisha jibu swali langu la mwarobaini: vuruga kwanza, dawa baadaye.

Hatua ya 1: Paka rangi uone

Usianze na majani. Anza na kioo.

Tia matone mawili au matatu ya rangi nyekundu ya chakula, ile ya keki, kwenye kijiko kimoja cha maji. Kama huna, maji ya bitiruti iliyochemshwa yanafaa, ingawa rangi yake ni hafifu. Pakaa midomo mafuta ya mgando ili isishike rangi, vaa fulana usiyoionea huruma, sukutua nusu dakika, tema, kisha sukutua maji safi mara moja tu. Washa tochi ya simu, fungua mdomo mbele ya kioo.

Penye rangi ndipo penye ukoga. Watu wengi watakuta sehemu zilezile: upande wa ndani wa meno ya mbele ya chini, upande wa shavu wa magego ya juu, na katikati ya meno. Mkono wa kulia ukishika mswaki, mara nyingi jino la chonge la kulia hurukwa, maana hapo ndipo mkono unapogeuka. Piga picha. Picha hii utaihitaji baada ya wiki mbili.

Tahadhari kwa waliokulia Arusha, Meru na sehemu nyingine za Bonde la Ufa: madoa ya kahawia yaliyo ndani ya jino lenyewe si ukoga. Yanatokana na floraidi nyingi katika maji uliyokunywa utotoni, meno yakiwa bado yanaumbika. Ukiyasugua kwa mti au mchanga utachuna jino na doa utaliacha.

Hatua ya 2: Sugua, na hapa mswaki wa mti una heshima yake

Neno lenyewe linatuambia. Tulikuwa na mswaki kabla ya plastiki kuja, na plastiki ilipokuja ikarithi jina la mti. Mti unaotajwa zaidi ni Salvadora persica, ambao mizizi na vijiti vyake huuzwa milangoni mwa misikiti kuanzia Mombasa hadi Muscat. Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi yake mwaka 1986 kwa watu wa sehemu ulikozoeleka, na ripoti ya wataalamu ya mwaka 2000 ikasema utafiti zaidi unahitajika. Tafsiri yangu: ni kifaa halali, si muujiza.

Mzee mmoja anayeuza pembezoni mwa msikiti ndiye aliyenifundisha kuchagua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wataka wa leo au wa kuwekwa?"

Sikujua tofauti. Akachukua mmoja, akaufukua ganda kwa ukucha, akanisogezea puani. Harufu ikapanda kama haradali. Akachukua wa pili, mkavu, umekunjamana. Nikanusa, hakuna kitu.

"Ukinusa ukakuta kimya," akasema, "hiyo ni kuni."

Mzee alikuwa sahihi kuliko alivyodai. Harufu ile ya ukali hutokana na kemikali iitwayo benzili isothiosianeti, na watafiti wa Taasisi ya Karolinska huko Sweden walionyesha maabara kwamba inawaua haraka bakteria wa aina ya Porphyromonas gingivalis. Ni kemikali inayoruka na hewa. Kijiti kikikauka, imekwenda. Ukitaka kuijua ladha yake bila kununua mswaki, tafuna mbegu moja ya papai: ukali ule unaopanda puani ni wa kemikali hiyohiyo.

Namna ya kuutumia:

Chagua uliofika unene wa penseli, urefu wa kiganja, unaopinda kidogo kabla ya kuvunjika. Menya ganda la ncha moja kiasi cha sentimita moja, si zaidi. Loweka ncha kwenye maji safi dakika chache kama ni mgumu, lakini usiulaze ndani ya maji usiku kucha, maana dawa yote itabaki kwenye glasi. Tafuna taratibu mpaka nyuzi zifunguke kama brashi.

Kisha sugua kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino: meno ya juu unashuka, ya chini unapanda. Usisugue kwa kwenda kulia na kushoto kama unayekata mbao. Watu wa mswaki wa mti wengi wana meno meupe na fizi zilizorudi nyuma, na sababu ni msumeno huo. Kwa upande wa ndani wa meno ya mbele, shika kijiti wima. Kwa magego ya mwisho, kiri kwamba kijiti kilichonyooka hakifiki vizuri, chukua mswaki wa plastiki umalizie. Sioni aibu kuwa na vyote viwili kwenye kikombe kimoja.

Kila siku kata nyuzi za jana, menya upya. Nyuzi zilizochoka hulala juu ya ukoga badala ya kuukwangua. Na mswaki hauazimwi, hata kwa mke.

Vijiti vya mwarobaini navyo hutafunwa, na huko India ni desturi ya kale. Mdaa, ule ambao mizizi yake hutumika kutia rangi ukili, nao hutafunwa, ila huacha rangi kinywani, kwa hiyo usiutumie asubuhi ya kupiga picha ya pasipoti. Zaidi ya hapo, usitafune kijiti cha mti usioujua jina. Oleanda inayopandwa kando ya nyua kwa ajili ya maua ina sumu ya moyo, na kijiti chake hakina alama ya kukuonya.

Usiku, kabla ya kulala, tumia dawa ya meno yenye floraidi. Hapa sina mjadala. Mmea unaweza kupunguza bakteria, lakini kurudisha madini kwenye jino lililoanza kulainika ni kazi ambayo floraidi huifanya kuliko majani yoyote ninayoyajua, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Tafuta kwenye boksi iliyoandikwa kati ya 1000 na 1500 ppm, yaani sehemu za floraidi katika kila milioni. Kwa mtoto chini ya miaka mitatu, kiasi cha punje ya mchele. Miaka mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya njegere. Ukimaliza, tema, usisukutue kwa maji mengi.

Katikati ya meno pitisha uzi wa meno. Kijiti hakiingii hapo, wala mwarobaini. Kumbuka siki ya Leeuwenhoek ilishindwa wapi.

Hatua ya 3: Chagua mmea wako

Mmoja tu. Watu huchemsha mwarobaini, karafuu, tangawizi na vitunguu saumu kwenye sufuria moja kama wanapika pilau, kisha mdomo ukiwasha hawajui alaumiwe nani.

Mwarobaini, Azadirachta indica, ulitoka pande za India na Burma, ukapewa kwetu jina la magonjwa arobaini. Majani na magome yake yana vitu vichungu kama nimbidini. Majaribio kadhaa, mengi yakiwa madogo na ya wiki chache, yaliyalinganisha maji yake na klorheksidini, dawa ya kusukutua ambayo madaktari huitumia kama kipimo cha nyingine zote, na yakakuta ukoga na damu ya fizi vimepungua. Tatizo lake ni uchungu. Pia haufai kwa mjamzito wala anayetafuta mimba, kwa kuwa una historia ya kuingilia uzazi, na mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwadhuru vibaya watoto walionyweshwa. Majani ya kusukutua na kutema ni jambo moja. Mafuta ya kumeza ni jambo jingine.

Karafuu ni ya kwetu kwa namna nyingine. Pemba yote inanuka yujenoli, kiini kinachofanya sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Huua bakteria na hutia ganzi. Ukiwahi kuzibwa jino kwa muda ukatoka na harufu ya pilau mdomoni, ni kwa sababu madaktari wa meno huchanganya yujenoli na oksidi ya zinki kutengeneza zibo hilo. Lakini mafuta yenyewe ni makali. Mimi niliyapaka ufizini kwa pamba bila kuyachanganya na kitu, nikiwa na haraka ya nafuu. Kesho yake ngozi ya ufizi ilikuwa nyeupe na inabanduka. Karafuu kavu ndani ya maji ya moto inatosha.

Chai watu huidharau kwa kuwa iko jikoni. Majani ya chai, ya kijani zaidi lakini na ya kawaida pia, yana vitu vyenye ukakasi vinavyoweza kukizuia kimeng'enya ambacho Streptococcus mutans hutumia kutengeneza ulimbo wake. Kwa maneno mengine, vinamnyang'anya gundi. Sharti ni moja: iwe turungi isiyo na sukari hata punje. Ukitia sukari umewaandalia karamu wale unaowafukuza. Hasara yake ni kutia meno rangi.

Majani machanga ya mpera yana ukakasi kama ule wa bibo, na yamefanya vizuri maabarani. Maabara si kinywa, lakini mpera uko nyuma ya nyumba na hauna uchungu wa mwarobaini. Kwa mtu asiyeweza mwarobaini, ningeanza na huo.

Na usione kwamba haya ni mambo ya kijijini tu. Listerine, dawa ya kusukutua ya dukani iliyotengenezwa mwaka 1879 na Joseph Lawrence huko St. Louis, Marekani, nguvu yake ni mafuta ya asili ya mimea: thaimoli, mentholi ya nanaa, kiini cha mkaratusi, na methili salisileti. Tofauti yake na sufuria yako ni kipimo: chupa ya kiwandani kila tone ni sawa na lenzake, wakati mwarobaini wa masika na wa kiangazi si kitu kimoja.

Hatua ya 4: Tengeneza maji ya kusukutua

Vipimo hivi ni vya jikoni, vya kukupa maji mepesi. Usivikaze kwa kudhani vikali zaidi ni bora zaidi.

Kwa mwarobaini: chuma vipande vya jani kama 20, vichanga, visivyo na madoa, kwenye mti usiopuliziwa dawa na usio kando ya barabara yenye vumbi. Osha mara mbili. Chemsha vikombe viwili vya maji, tia majani, punguza moto, funika, acha dakika kumi. Epua, acha yapoe yakiwa yamefunikwa, chuja kwa kitambaa safi. Kwa mpera fanya vivyo hivyo, majani saba au manane.

Kwa karafuu usichemshe. Ponda kidogo karafuu sita, mimina kikombe cha maji yaliyochemka, funika papo hapo, acha robo saa. Kifuniko ndicho chenye kazi. Harufu inayojaa jikoni ni dawa inayotoroka.

Kwa chai: kijiko kimoja cha chai cha majani, kikombe cha maji ya moto, dakika tano, chuja.

Hifadhi kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa, ndani ya friji, siku mbili basi. Mimi niliwahi kuacha chupa ya mwarobaini dirishani kwa siku tano. Nilipoitikisa niliona wingu, na shingoni mwa chupa kulikuwa na utando wa kuteleza. Nikaugusa kwa kidole, ni uleule wa asubuhi mdomoni. Dawa ya kuua utando ilikuwa imeota utando wake. Maji ya majani hayana kihifadhi chochote, na uchungu hauwazuii vimelea wote. Kama huna friji, tengeneza ya siku moja, ya jioni mwaga.

Hatua ya 5: Sukutua kwa wakati wake

Saa nzuri ni mchana au alasiri baada ya chakula, mbali na dawa ya meno. Ukisukutua mara tu baada ya kupiga mswaki unaisafisha floraidi uliyoipaka sasa hivi. Subiri angalau nusu saa. Kwanza sukutua maji matupu, pitia meno kwa mswaki usio na dawa, kisha chukua kijiko kimoja cha mezani cha maji yako. Yazungushe dakika moja, ukiyasukuma katikati ya meno kwa mashavu, si kuyaacha yalale chini ya ulimi. Tema. Usimeze. Usile kwa nusu saa.

Mara moja kwa siku inatosha kuanzia. Kinywa kikiwaka, kikifa ganzi muda mrefu au kikitoka vidonda, acha. Watoto chini ya miaka sita wasipewe kabisa, kwa sababu bado hawajajua kutema vizuri.

Hatua ya 6: Wiki mbili, kisha rangi tena

Kwa nini wiki mbili? Mwaka 1965 mtafiti wa fizi Harald Løe na wenzake huko Aarhus, Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote walikuwa wamevimba fizi. Waliporudi kusafisha, fizi zikapona kwa muda wa wiki moja hivi. Kwa hiyo ufizi una kalenda yake, na ni fupi. Ukifanya kazi sawasawa, wiki mbili zinatosha kuona tofauti, na damu unayoitema asubuhi inapaswa kuwa imepungua.

Rudia rangi, piga picha mwanga uleule, linganisha. Mstari ukiwa umekonda kila mahali, endelea. Ukiwa umekonda mbele lakini nyuma ya magego umebaki vilevile, shida ni mkono, si mmea. Usibadilishe majani, badilisha pembe ya mswaki. Wengi wetu hukimbilia mti mpya hapo.

Mpwa wangu ameufanya mchezo. Akija na mabuyu hutangulia yeye: "Mjomba, fungua mdomo nikukague." Mara ya mwisho alinikuta na doa moja nyuma ya meno ya mbele ya chini, akalionyesha kwa kidole chenye rangi, akacheka mpaka akakaa chini.

Vya kuviacha sokoni

Limau na ndimu: ni asidi tupu, zinafanya kazi ileile ya bakteria, ila kwa kasi. Mkaa uliosagwa, majivu na mchanga: vinang'arisha kwa kuchuna, na jino halioti upya. Magadi ya kupikia makande: ni makali na mengine yana floraidi nyingi mno. Tambuu yenye popoo: wako wanaoitafuna kwa kudhani inasafisha kinywa, lakini popoo imethibitishwa kusababisha saratani ya kinywa. Kitunguu saumu kilichopondwa na kubandikwa ufizini huunguza kama makaa. Mafuta ya nazi ya kuzungusha mdomoni hayadhuru mtu mzima akiyatema, ila ushahidi wake ni mwembamba, na robo saa ya kuzungusha mafuta ni bora uitumie kwa uzi wa meno.

Lini uache sufuria uende kwa daktari

Ukiona damu inaendelea baada ya wiki mbili za kazi ya kweli, ufizi umeachana na jino, jino linatikisika, usaha, uvimbe wa shavu, au jino linalouma lenyewe usiku, hiyo si kazi ya majani. Karafuu itakutuliza maumivu huku jino likiendelea kuoza chini yake. Mwenye kisukari asisubiri hata hizo wiki mbili, kwa sababu fizi zake huharibika upesi na ugonjwa wa fizi nao huipandisha sukari.

Utakapokwenda, mtajie daktari kila unachotumia, hadi kijiti, na useme tangu lini. Kama ni ugaga, mwambie akukwangue, kisha anza upya hatua ya kwanza siku fizi zitakapotulia. Na asubuhi ya miadi usisukutue karafuu: ganzi yake na harufu yake vitamficha jino analolitafuta.